Nilificha Kibuyu Chirizi cha Mjukuu Wangu kwa Utani

Mpendwa mshauri, mwanangu, naomba msaada wako, na usome mpaka mwisho kwa sababu mimi si mtu wa kuombaomba. Nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili na watoto watano, nimezika wenyeviti wa kijiji wanne walioniita mkaidi, nimeuona mwaka wa surua ulioacha vitongoji vitatu bila watoto na mimi haikunigusa, nimehamishwa wakati wa operesheni ya vijiji nikaubeba mlango wa nyumba yangu mgongoni siku mbili kwa sababu sikutaka mtu mwingine aufungue, funza wamenila vidole na vidole bado vipo vyote kumi, na kwa jembe hakuna aliyenifikia, matuta yetu ya kufukia majani ambayo sisi Wafipa tunayaita intumba nilikuwa napiga mengi kwa siku moja mpaka watu wanakuja kuhesabu jioni wakidhani nimesaidiwa. Barua hii naandika kwa mkono wangu. Nilisoma elimu ya watu wazima na mwalimu alisema hajaona kichwa kama changu, kwa hiyo ukiona mstari umepinda ujue ni macho.

Nakaa Izia, hapa Sumbawanga, huku mwisho ambako nyumba zinaisha na mahindi yanaanza, kwa mwanangu Gabriel ambaye ni dereva wa lori la mahindi, akiondoka kwenda Tunduma hukaa hata siku kumi. Mke wake anaitwa Suma, ni Mnyakyusa wa Mbeya, mwanamke mwenye adabu sana, na kwao mkwe na baba mkwe hawasogeleani, akiniona njiani anazunguka nyuma ya nyumba, na neno lake likinihusu linapitia kwa watoto. Watoto walikuwa wawili. Mkubwa ni Hellena, ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Mdogo alikuwa Gift, miaka minne. Nimeandika alikuwa.

Sasa lazima nikueleze utani wetu, maana bila huo utaniona mwendawazimu. Babu na mjukuu ni watani, hilo unalijua. Hellena namwita mke wangu tangu yuko mgongoni kwa mama yake, na yeye ananiita kizee changu, ananiambia anatafuta mwanaume mwenye meno. Na utani wetu una sheria, mtani akikuzidi maneno unachukua kitu chake unakificha, na hakipati mpaka akikomboe kwa adhabu utakayomtajia. Mwaka juzi alinifichia kofia siku ya kwenda harusini Mazwi, nikaikomboa kwa kucheza ngoma peke yangu uani majirani wakichungulia juu ya ua. Mimi nilimfichia kiatu kimoja cha shule, akakikomboa kwa kunikuna mgongo siku tatu. Hatukununiana hata siku moja. Katika nyumba ile Gabriel yuko barabarani, Suma ananikwepa kwa heshima, Gift alikuwa mdogo, mtu aliyekuwa ananisemesha mpaka nacheka ni yule mtoto peke yake.

Shule zilipofunguliwa Januari wakamchagua kuwa katibu wa klabu ya afya. Mwalimu wao, Mwalimu Isakwisa, aliagiza kila mwanachama aweke kibuyu chirizi nyumbani kwao, naye atapita kukagua. Kama hujakiona, jina tu ni kibuyu, chenyewe ni dumu la mafuta ya kula, limetobolewa, limening'inizwa kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili, na kamba inashuka mpaka kwenye kijiti cha chini, ukikikanyaga dumu linainama maji yanachirizika, mkono haugusi chochote. Sabuni inaning'inia pembeni ndani ya kipande cha chandarua. Dumu aliliomba dukani kwa Abdala, nguzo alichimbia mwenyewe, mimi nimekaa kwenye kigoda namcheka kwamba ardhi inamshinda.

Basi ikawa kazi. Choo changu kiko mbali upande wa shamba, kwa sababu baba mkwe hachangii choo na mkwe wake, na nikitoka huko lazima nipite pale kwenye dumu, namkuta Hellena amesimama kama askari wa geti.

"Kizee, kanyaga."

"Mguu unauma, mke wangu."

"Kanyaga na ule mwingine. Huo hautembei kwenda kwenye pombe?"

Nacheka, napita. Asubuhi maji ya huku kwetu yanauma kama meno, na mimi nilijiambia mikono hii imelisha watu miaka sitini bila sabuni ya kwenye chandarua. Akinifuata na maneno ya klabu yao, kwamba uchafu hauonekani kwa macho, namwambia basi yeye anauonaje. Alikuwa na jibu kila mara, na mimi nilikuwa na jibu kila mara, na niliona huo ndio utani mtamu kuliko wote tuliowahi kuwa nao.

Ikaja Jumapili moja ya mwezi wa pili. Mvua imenyesha wiki nzima, maji ya kisima cha bondeni yamekuwa mekundu, na shuleni waliambiwa kuna kuhara kunazunguka mitaani. Rafiki yangu Limbu alikuja kunitembelea, tukaketi, ugali wa ulezi ukaletwa, na Gift akakaa kwenye sahani yangu kama siku zote, maana matonge yake nilikuwa namkatia mimi, namchovyea kwenye mboga, namtia mdomoni, hakukubali kulishwa na mtu mwingine. Nilikuwa nimetoka shambani, unanielewa, nimetoka upande wa choo. Hellena akaja akasimama mbele ya Limbu akasema, "Babu, mikono hiyo usiitie kwenye sahani ya Gift."

Limbu akacheka mpaka akakohoa. Nikamwambia mke wangu, leo umeniaibisha mbele ya mgeni, utalipa. Hakucheka. Akanisogelea akasema taratibu, "Babu, leo sitanii."

Hakuniita kizee chake. Aliniita babu mara mbili, na mimi nilisikia, mwanangu, masikio yangu ni mazima, nilisikia nikadhani ni mbinu mpya. Nikamjibu kwamba mtani mzuri ndivyo anavyofanya, anajifanya amekasirika. Nikakata tonge, nikamlisha Gift huku namwangalia yeye usoni. Limbu anapiga magoti yake kwa kucheka. Hellena akageuka akaenda jikoni kwa mama yake, na mama yake, ambaye kwa mila yao hawezi kuniambia neno la mikono wala la choo hata dunia ikipinduka, nilimsikia anamuuliza mtoto kulikoni.

Jumatatu, alipoenda shule, nikalifungua lile dumu na sabuni yake na kijiti chake, nikalificha ghalani nyuma ya magunia ya ulezi. Adhabu nilikwisha kuitunga. Jumamosi, Limbu akiwepo, Hellena angelikomboa kwa kutangaza uani kwa sauti kubwa kwamba katika Sumbawanga yote hakuna mzee msafi kama mimi.

Aliporudi akaona nguzo tupu. Alizunguka nyumba mara mbili. Nilingoja anigeukie mimi aseme kizee, toa, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa siku zote, nilikuwa nimejiandaa na uso. Hakunigeukia. Nadhani haikumwingia akilini kwamba mtu anaweza kufanyia utani kitu kile. Alimwambia mama yake kimeibiwa, watu wanaiba madumu. Suma akamgombeza kwamba hakukifunga vizuri, kwamba sabuni haiokotwi, na dumu jingine lingoje baba yake arudi. Mtoto akalia. Mimi nipo kwenye kigoda nasikia, nikasema moyoni Jumamosi si mbali, itakuwa tamu zaidi. Siku zile alikuwa anamnawisha Gift kwa kikombe, yeye anamwaga, mdogo wake anasugua. Lakini akiwa shule hakuna aliyemmwagia, na mchana Gift alikuwa anakula na mimi.

Alhamisi mchana Gift akaanza kuhara, kisha kutapika. Suma alitaka kumpeleka hospitali, mvua ilikuwa inanyesha, nikamwagiza Hellena amwambie asubiri kukuche. Asubuhi tukapata bodaboda, mtoto amekwisha kulegea, macho yameingia ndani. Walimtundikia dripu. Kabla ya saa sita akafa. Jumamosi tukamzika, ile Jumamosi niliyoipanga mimi.

Msiba ulipokwisha, bwana afya wa kata akaja kuuliza, maana walikuwa wanaandika kila nyumba yenye mgonjwa. Akauliza tunachota maji wapi, choo kikoje, tunanawia wapi. Tumekaa wote uani, Gabriel amekwisha kurudi, na mimi nimekaa kama mkuu wa nyumba. Hellena ndiye aliyejibu. Alisimama kama darasani akasema, "Tulikuwa na kibuyu chirizi. Kiliibiwa Jumatatu kwa sababu mimi sikukifunga vizuri."

Bwana afya akaandika. Mwanangu, magunia ya ulezi yalikuwa nyuma yangu, hatua labda ishirini. Nilifungua mdomo nikakohoa. Watu wakaniletea maji ya kunywa.

Sasa ni mwezi wa saba, baridi imekaza. Hellena amerudisha beji ya klabu. Mwalimu Isakwisa alikuja mwenyewe nyumbani kumbembeleza, nilikuwepo, na mtoto alimjibu kwa adabu kwamba mtu aliyeshindwa kulinda dumu moja hawezi kuwa katibu wa afya. Ananawa mpaka mikono imepasuka kwa baridi, ngozi ya vidole inatoa damu, mama yake anampaka mafuta na asubuhi anaanza tena. Na mimi ananiamkia. Kila asubuhi anapiga magoti yote mawili, "Shikamoo, babu," ananiletea uji kwa mikono miwili, anarudi kinyumenyume kama anavyofanya mama yake. Hajaniita kizee tangu Jumapili ile. Nilijaribu mara moja, nikamwambia mke wangu, mbona umeninunia, akasema hapana babu, sijanuna, unahitaji kitu kingine?

Mimi sasa nanawa. Hakuna mtu Izia anayenawa kama mimi, nanawa hata kabla ya kushika fimbo. Dumu bado liko ghalani. Nikisema, Gabriel atanifukuza, na Suma atarudi kwao Mbeya au atasema niondoke, na nikiondoka naenda wapi, wote wa kunipokea nimewazika. Nisiposema, nalala naliona dumu. Nimevumilia mengi ambayo watu wengine yamewaua, lakini hili linanila. Niambie, niseme au nife nalo? Na kusema kweli, nafsi yangu inaniambia kwamba Gift huenda angekufa tu, maana kuhara kulichukua watoto wengine mtaani ambao vibuyu vyao havikuguswa. Je, si kweli?

Kwamba niliyoandika si ya kutunga, muulize Limbu, alikuwepo Jumapili ile na anaijua nguvu yangu ya jembe tangu ujana. Muulize Abdala wa dukani kuhusu dumu. Muulize Mwalimu Isakwisa kuhusu klabu na beji. Jina langu ni Felisian, litaje lote, sijawahi kujificha.

Mshauri anajibu

Baba Felisian, shikamoo. Pole kwa Gift. Pole hiyo nimeitanguliza na nimeitoa yote, kwa sababu yanayofuata hayatakufurahisha.

Unasema hujawahi kujificha, na miezi mitano sasa umejificha nyuma ya mtoto wa miaka kumi na miwili. Umenitajia mashahidi watatu, na hakuna hata mmoja anayelijua jambo lenyewe. Limbu anajua ulicheka. Abdala anajua dumu lilitoka dukani kwake. Mwalimu anajua beji imerudi. Anayejua aliyeliondoa dumu ni wewe peke yako, na siku bwana afya alipouliza ulikohoa ukaletewa maji.

Unaniuliza kama Gift angekufa tu. Sijui, baba, na usimwamini mtu atakayekuambia anajua. Ugonjwa ule unaingia kwa maji ya kisima, kwa chakula, kwa nzi, kwa mikono ya mtu yeyote, na watoto wengine walikufa vibuyu vyao vikiwa vimening'inia. Hiyo ni haki yako kuijua. Lakini kuna mstari mmoja umeupita mbio, ukidhani sitauona: kwamba ulimwagiza Suma asubiri kukuche. Suma hakuwa na namna ya kukupinga, kwa adabu ileile unayoisifu. Kwa hiyo unapopanga maneno yako, hilo nalo limo. Nanyi wengine mnaosoma, mtoto akiharisha na kutapika mpeni maji ya ORS kidogo kidogo saa hiyohiyo, na mumpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, mvua inyeshe isinyeshe, mzee wa nyumba aseme asiseme.

Swali lako la kweli ni lile la kwanza. Ukifa na siri hii, wewe utapumzika. Hellena ataolewa nayo, atazaa nayo, na kila mtoto wake akiharisha atajiona yeye ndiye aliyeleta. Anajinawisha mpaka damu kwa kosa ambalo halikuwahi kutendeka. Kamba aliifunga vizuri. Hilo ndilo analopaswa kulisikia, na wa kumwambia ni wewe peke yako duniani.

Unaogopa kufukuzwa. Huenda ukafukuzwa. Una miaka sabini na tisa na umeniambia yote uliyoyavumilia. Basi na hili livumilie.

Fanya hivi. Ngoja Gabriel awepo nyumbani, ili mtoto asiachwe na habari hii peke yake. Asubuhi mwambie Gabriel kwanza, mkiwa wawili, habari ya dumu na ya ule usiku uliomwagiza Suma asubiri, na umpe nafasi akasirike. Siku hiyohiyo mwite Hellena. Suma akae jikoni mlango ukiwa wazi, asikie kila neno bila kuvunja mwiko wa kwao. Litoe dumu ghalani uliweke chini mbele yao. Kisha sema maneno machache: nililificha mimi, wewe hukukosea kitu, ulilifunga vizuri, uliponiambia hutanii nilikusikia. Usianze kueleza sheria za utani. Usitaje surua wala jembe. Usilie mpaka yeye ndiye akubembeleze. Wala usimwombe msamaha siku hiyo, maana mtoto mwenye adabu kama yule atakupa hata kama hana, na atakuwa amekubebea mzigo mwingine.

Ukitoka hapo nenda kwa Mwalimu Isakwisa, kisha kwa bwana afya, ukafute kile mtoto alichojiandikisha mbele ya watu. Nenda kwa miguu yako, usimtume mtu. Kuhusu klabu, asiulizwe na yeyote. Akitaka kurudi atarudi. Na mikono yake ipelekwe kwa mganga wa zahanati, huku mama yake akimweleza pia kwamba mtoto hawezi kuacha kunawa tangu amzike mdogo wake, maana mafuta peke yake hayatoshi kwa kidonda cha namna hiyo.

Jina lako gazetini sitalitaja. Jibu hili linakufikia kwa posta kwanza, na gazetini litatoka mwezi ujao, kwa majina mengine na mtaa mwingine. Lakini mtu wa nyumbani kwako akilisoma atalijua. Kwa hiyo una wiki nne, na ningekuwa wewe nisingemaliza hata moja.

Ukishasema, nyamaza. Akiinuka akaondoka, mwache. Akibaki, kaa naye bila kumsemesha. Asubuhi akikuamkia kwa magoti, itikia marahaba na upokee uji wako, hata kama itakuwa hivyo mpaka mwisho wako. Usimwite mke wangu tena. Neno la kwanza la utani, kama litakuja, ni lake.